Studio ya foto ya Birere iliyoturudishia sura ya Papa

Kama uko Goma na unatafuta fasi ya kutengenezesha foto ya zamani ya marehemu wenu, nendeni kwa ile studio ndogo ya Birere, ukiwa unateremka kwenda Petite Barrière ya mpaka wa Rwanda, mlango wa bluu, kijana iko na kompyuta mbili na mashine ya kuchapa. Sisi alitusaidia kabisa.

Papa yetu alikuwa polisi. Alianzia jandarmeri wakati wa Zaire, nchi ilipogeuka 1997 akaendelea na kazi mpaka wakamustaafisha, na cheo chake kilibakia ajida, chini ya maofisa. Sasa shida ni kwamba foto zetu zote zilienda na volkano ya 17 Januari 2002, ile lava iliyopita katikati ya muji mpaka ziwani, sisi tulikimbilia Gisenyi na godoro na sufuria, kurudi tunakuta nyumba ya mbao haiko tena, ni majiwe tu bado yanatoa moshi. Kilichopona ni karata yake ya kazi juu ilikuwa ndani ya mufuko wa shati. Foto yenyewe ni ndogo kama kidole gumba, na kashe (muhuri) ya ofisi imepita juu ya kidevu.

Kwanza tulienda fasi ingine, sitaitaja. Wale walichukua kichwa cha Papa wakakibandika juu ya mwili wa ofisa mukubwa, nyota mabegani, medali kifuani, na uso wakaulainisha mpaka anaonekana kijana wa miaka 20. Mama alipoiona alilia upya. Akasema huyu si bwana yangu, bwana yangu hajawahi kuvaa kitu asichopewa. Na ni kweli, Papa alikuwa hivyo hata nyumbani, sisi watoto hatukuruhusiwa kujaribisha kofia yake hata kwa mchezo, shati lake alilipiga pasi ya makaa yeye mwenyewe, na mangaribi anakaa na makaye zetu za shule anazifungua moja moja kama anaangalia papiye za gari barabarani, ukikosa tarehe juu ya ukurasa anakurudishia bila kusema kitu.

Yule kijana wa Birere yeye hakukimbilia kompyuta. Aliuliza kwanza: mzee alikuwa na cheo gani, shati lilikuwa rangi gani, alikuwa anacheka na meno ao hapana? Halafu akauliza nani kati yenu anafanana naye, tukamuonyesha mudogo wangu, akamugeuza uso kwenye dirisha akamuangalia kidevu muda murefu, ndiyo akaanza kutosha ile kashe polepole. Alitengeneza kile kidevu na makunyanzi aliacha. Mabegani akaweka cheo cha ajida, basi.

Bei: foto kubwa na kadre yake dola 20, tulilipa nusu mbele. Alisema itakuwa tayari siku ya ine, ikatoka siku ya tano mangaribi juu umeme ulikatika, na watu walikuwa wameshaanza kuingia kwa matanga na meza iko tupu, hiyo ilituumiza, angetupigia simu mapema. Tisheti zenye sura yake dola 7 moja, hizo siwashauri, ya kwangu nilifua mara moja tu na rangi imeanza kutoka. Chukueni foto, muache tisheti.

Ilipofika, wazee wawili waliofanya kazi naye rulaji (polisi wa barabarani) walisimama mbele yake, mumoja akaonyesha kamba ya filimbi kwenye mufuko wa kushoto akasema, ndiyo, aliifunga hivyo.

Jana nilirudi kuagiza zingine ine ndogo, za ndugu na dada. Dada yetu wa Kisangani amesema kitu kimoja tu: ile kamba ya filimbi isikatwe.