Magazeti Matatu, Redio na Televisheni kwa Ada Moja: Tathmini ya Kifurushi cha Habari Baada ya Miezi Minane

Nilijiunga na kifurushi hiki kwa sababu kilinadiwa kuwa ni mkusanyiko wa sauti mbalimbali. Kwa ada moja ya mwezi, mteja hupata magazeti matatu ya kila siku, kituo cha redio na chaneli ya televisheni, vyote ndani ya programu moja ya simu, na tangazo lake liliahidi kwamba hakuna upande wa habari utakaompita. Sitaitaja kampuni inayokiuza, kwa kuwa ninachokilalamikia hakipatikani kwake peke yake.

Kwa upande wa ufundi sina kinyongo. Programu ni nyepesi, magazeti huingia kabla ya kupambazuka, matoleo ya nyuma hutafutika kwa urahisi, na kurasa za michezo huandikwa na watu wanaoujua mchezo wenyewe. Redio nayo haikatikikatiki hata mtandao unapodhoofika.

Kasoro niliiona mwezi wa pili, asubuhi moja nilipoyasoma magazeti yote matatu kwa mfululizo. Habari kubwa ilikuwa mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Gazeti la kwanza liliandika kwamba mgomo "umedhibitiwa". La pili, ambalo hujitambulisha kuwa mtetezi wa mtu wa kawaida, lilitumia neno hilohilo. La tatu, la mambo ya biashara, likalirudia, na mtangazaji wa redio akalisoma katika taarifa ya asubuhi. Aya ya tatu ilikuwa moja katika magazeti yote, neno kwa neno, pamoja na kosa la chapa katika jina la kiongozi wa wafanyakazi. Msemaji wa kiwanda alinukuliwa mara nne, ilhali hakuna mgomaji hata mmoja aliyeulizwa kwa nini amegoma. Nilichukua muda kupekua taarifa za wanahisa, na ndipo nikafahamu kwamba kampuni mama ya magazeti hayo ina hisa katika kiwanda hicho. Hakuna mahali popote, hata kwa herufi ndogo chini ya habari, ambapo msomaji alidokezwa jambo hilo.

Tangu siku hiyo nilianza kusoma nikitafuta kisichokuwapo. Habari ya uongo msomaji anaweza kuilinganisha na nyingine akaitilia shaka, lakini habari ambayo haikuandikwa haimpi hata pa kuanzia kuuliza. Wala sidhani kwamba kila siku mmiliki hupiga simu kuwaamuru wahariri. Vyumba vitatu vya habari vikiunganishwa kuwa kimoja ili kupunguza gharama, mwandishi mmoja ndiye hutumwa na mhariri mmoja ndiye huamua, na wote wawili wanajua mshahara unatoka wapi. Kubwa zaidi, na ambalo wasomaji tunalifikiria mara chache, ni kwamba mwandishi akigombana na mwajiri wake kwa ajili ya habari ya kweli, hana gazeti jingine la kukimbilia, kwa sababu lile la pili na la tatu ni ya bosi yuleyule.

Mambo haya yamekwisha kuonekana kwa kiwango kikubwa kuliko kifurushi changu. Nchini Marekani, mwaka 2018, watangazaji wa makumi ya vituo vya televisheni vya kampuni ya Sinclair Broadcast Group walisomeshwa tamko moja la kuonya dhidi ya habari za uongo, kila mmoja akilisema kana kwamba ni maneno ya kituo chake, na watazamaji walilibaini vizuri pale tu video zao zilipounganishwa zikachezwa kwa pamoja. Mwaka huohuo huko Hungaria, wamiliki walioiunga mkono serikali walikabidhi zaidi ya vyombo 400 vya habari kwa taasisi moja iitwayo KESMA, na serikali ikautangaza muungano huo kuwa wa umuhimu wa kimkakati kwa taifa, hivyo ukakwepa kuchunguzwa na mamlaka ya ushindani.

Ni haki kukiri kwamba ukubwa una faida yake: uchunguzi wa miezi sita na gharama za mawakili havibebwi kirahisi na gazeti dogo. Ningeweza kuuvumilia umiliki wa pamoja kama ungetajwa waziwazi. Gazeti la Marekani la The Washington Post, lililonunuliwa mwaka 2013 na Jeff Bezos, mwanzilishi wa kampuni ya Amazon, limekuwa na desturi ya kumkumbusha msomaji jambo hilo linapoandika kuhusu Amazon. Hata hivyo, kutaja peke yake hakutoshi. Mwaka 2024 gazeti hilohilo liliacha kuchapisha tahariri ya kumuunga mkono mgombea urais ambayo wahariri wake walikwisha kuiandaa. Mmiliki aliutetea uamuzi huo, na wasomaji zaidi ya 200,000 wakasitisha usajili wao katika siku chache.

Kabla ya kusitisha wangu, niliwaandikia huduma kwa wateja maswali mawili: kwa nini uhusiano na kiwanda haukutajwa, na kama magazeti hayo matatu yana wahariri wakuu tofauti. Nilijibiwa baada ya siku tisa. Swali la kwanza halikuguswa kabisa. Kuhusu la pili, nilielezwa kwamba kampuni inathamini maoni yangu na kwamba ningepewa mwezi mmoja bila malipo.

Niliukataa mwezi huo. Kwa mtu anayetaka michezo, hali ya hewa na burudani, kifurushi hiki kinafaa, na ningemshauri akichukue. Kwa anayetaka kujua kilichotokea, hasa mahali penye fedha za wenye kampuni, sikipendekezi. Siku hizi nalipia magazeti mawili ya wamiliki wasiohusiana, kwa programu mbili ambazo ni nzito na hukwama mara kwa mara, na mgomo wa pili wa kiwanda kilekile nimeusoma humo, safari hii pamoja na majina na maelezo ya waliogoma.