Filamu mbili, baiskeli mbili: angalia kile familia inachokitoa

Karibuni watazamaji, kuanzia hapa Kisumu hadi Kakamega, Bungoma, Busia na ninyi wa Nakuru mnaotufuata kila wiki. Leo mezani kuna filamu mbili ambazo ukizikuta kwenye orodha hutadhani zina undugu. Moja ni ya Roma, ya mwaka 1948, nyeusi na nyeupe: Bicycle Thieves. Nyingine ni ya Malawi, ilitoka 2019: The Boy Who Harnessed the Wind. Zote zina baba, mwana wa kiume, na baiskeli moja ambayo nyumba nzima inaitegemea. Kuna nyingine mbili mnazoziulizia sana, hizo nitazigusa tu njiani.

Filamu za matumaini zimejaa tele, na nyingi hazifai hata bando unalotumia. Mtu anateseka saa moja na nusu, muziki unapanda, anafanikiwa, unapangusa machozi, na kufikia asubuhi hukumbuki jina la mhusika. Mimi huzichuja kwa kipimo kimoja. Tafuta kitu cha kushikika ambacho familia inakitoa ili maisha yasonge: ng'ombe, shamba, cherehani, baiskeli. Kisha angalia kama mwongozaji anajua kitu hicho kinafanyaje kazi na kinagharimu nini. Akikosea hapo, na majonzi yake pia yatie shaka.

Kwa baiskeli hatudanganyiki, sisi watu wa magharibi. Biashara ya kubeba abiria kwa baiskeli ilianzia mpakani Busia kabla pikipiki hazijaitwa boda boda, na hadi leo baiskeli bado zinabeba maziwa, mikate, kuni na magunia ya makaa. Kwa hiyo mtazamaji wa huku anaelewa mara moja kwa nini mwanamume mzima anaweza kulia kwa sababu ya baiskeli.

Tuanze Roma. Vita vimekwisha, kazi hakuna. Antonio Ricci anaitwa kazi ya kubandika mabango ya matangazo, kwa sharti moja: awe na baiskeli. Anayo, lakini ameiweka rehani. Mkewe, Maria, habishani. Anatandua kitanda, anafunga shuka zote za nyumba, na wanakwenda kuziweka rehani ili waikomboe baiskeli.

Hapo usiangalie simu. Karani anabeba lile bunda la shuka na kuanza kuparamia rafu kwenda juu, na kadiri anavyopanda ndivyo unavyoona mabunda ya wenzao, yamepangwa hadi karibu na dari. Vittorio De Sica, mwongozaji, hakuweka hotuba yoyote. Umeshaelewa kwamba mji mzima unalala bila shuka. Filamu nyingi za siku hizi zingempa Maria dakika tatu za kulia.

Asubuhi ya kazi, mtoto wao Bruno anaisugua baiskeli na kugundua sehemu ya pedali imebonyea. Anamlaumu baba yake kwa kutolalamika pale rehani. Utani mdogo, lakini unakueleza ni nani ndani ya nyumba ile anayejua kila spoki. Kisha baiskeli inaibwa siku hiyohiyo ya kwanza, Antonio akiwa juu ya ngazi anabandika bango. Rudisha nyuma uitazame mara ya pili, kwa sababu wezi ni kikosi: mmoja anachukua, mwingine anajifanya kusaidia kufukuza na kumwelekeza Antonio njia isiyo yenyewe. Kwa mara ya kwanza hutamwona.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya sokoni, Piazza Vittorio. Rafiki yake anayefahamu mambo ya mji anamwambia, kwa maana hiyo, kwamba haina haja ya kutafuta baiskeli nzima. Kufikia saa hiyo imeshafunguliwa. Wanagawana kazi: huyu tairi, yule fremu, na Bruno, kwa vile ni mdogo, apewe kengele na pampu. Kisha wanamkuta mtu anapaka fremu rangi. Antonio anadai aone namba. Polisi anaitwa, namba inasomwa, siyo yake.

Hiyo ndiyo filamu inayojua kitu chake. Na hapa niingize neno ambalo si la filamu: baiskeli nyingi zina namba iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya fremu pale mhimili wa pedali unapopita, au kwenye bomba la kiti. Igeuze yako, futa matope, piga picha ya namba, weka pamoja na risiti. Rangi hubadilishwa kwa dakika chache, lakini namba ikisagwa huacha kovu.

Kuna wanaosema katikati filamu inapotea njia, hasa Antonio anapokwenda kwa mama mtabiri. Mimi nakataa. Mwanzoni alimcheka Maria kwa kumpelekea mama huyo pesa; sasa anaingia mwenyewe, anaruka foleni, na kulipa. Hakuna aliyemwambia amekata tamaa, umeiona kwa pesa inayotoka mfukoni. Muda mfupi kabla ya hapo, mkahawani, anampa Bruno penseli wapige hesabu ya mshahara ambao wangeupata. Mezani pa jirani kuna mtoto wa kitajiri anakula kwa nafasi. Hesabu ile inauma kuliko kofi alilompiga mtoto mapema siku hiyo.

Antonio aliigizwa na Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji. Inaonekana. Tazama anavyoibeba baiskeli begani: hajiulizi mkono uende wapi. Dakika kumi za mwisho ziko nje ya uwanja wa mpira, baiskeli za mashabiki zimeegeshwa kwa mamia, na zaidi ya hapo sisemi.

Sasa Malawi. William Kamkwamba ni mtu wa kweli, na filamu inatoka kwenye kitabu chake. Imeongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye pia anaigiza baba, Trywell. Kijana William ameigizwa na Maxwell Simba, Mkenya mwenzetu, na anacheza bega kwa bega na Ejiofor, mzee mwenye jina kubwa, bila kutetereka. Hadithi iko Wimbe, wakati wa njaa ya mwaka 2001 kuingia 2002. Karo imekosekana, kijana amefukuzwa shule, anaingia maktaba kwa ujanja, na kwenye kitabu cha nishati anaona mtambo wa upepo.

Onyo la mapema: mtambo unachelewa sana. Wengi huzima filamu kabla ya nusu kwa sababu bango limewaahidi upepo na wao wanaona shamba tu. Msizime. Imegawanywa kwa msimu wa mahindi: kupanda, kukua, kuvuna, njaa, upepo. Mkulima wa Kitale au Moi's Bridge ataifuata bila shida. Miti imekatwa, mafuriko yanapita, kisha jua, na kila uamuzi wa baba unapunguza kitu kimoja ndani ya nyumba hadi inabaki baiskeli.

Ndipo mwana anapoitaka ili aikate. Baba anakataa, tena kwa ukali: anauvunja ule mtambo mdogo wa majaribio na kumrudisha kijana jembeni. Ukimwona baba huyo kama adui, umeikosa filamu. Mali ya mwisho ya nyumba ni baiskeli ile, na anayeiomba ni mtoto mwenye kitabu cha kuazima. Ningekuwa na baiskeli moja na debe moja la mahindi, jibu langu lingekuwa lilelile.

Sasa niende kwa fundi, maana hapa ndipo filamu inapata alama na kupoteza alama. Kilicho sahihi ni umbo la kazi. Mabawa yanazungusha chenwili, yaani gia kubwa ya penye pedali, cheni inavuta friwili, gia ndogo ya gurudumu la nyuma, na dainamo, kile kidude kinachotoa umeme wa taa, inasuguana na tairi. Kwa nini gurudumu zima na si mabawa peke yake? Kasi. Mabawa makubwa huzunguka polepole. Chenwili yenye meno 44 ikivuta friwili ya meno 18, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu kwa kila mzunguko wa mabawa. Halafu tairi pana linazungusha kichwa kidogo cha dainamo mara nyingi zaidi. Fundi yeyote wa baiskeli hapa Kondele angekuchorea hilo kwa kijiti mchangani.

Kinachopitishwa haraka ni maji, yaani pampu ambayo mtambo wa kwenye filamu unaiendesha kumwagilia shamba. Dainamo ya kawaida ya taa ya baiskeli hutoa volti 6 na wati 3 hivi. Upepo ukivuma saa 24 bila kupumzika, unapata wati-saa 72, hapo hujatoa zinazopotea njiani. Pampu ndogo ya wati 60 itazimaliza kwa saa moja na dakika chache. Tena umeme wa dainamo hiyo hubadilika mwelekeo, na betri haiukubali bila dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, wala volti 6 haziijazi betri ya gari ya volti 12 bila kupandishwa kwanza. Anayetaka kujaribu na watoto wa shule aanze na taa na redio. Ndivyo ilivyokuwa kwa William wa kweli: mtambo wake wa kwanza, mwaka 2002, uliwasha taa na redio, na kumwagilia kulikuja baadaye. Filamu imekunja miaka ili mahindi yaote kabla ya mwisho. Silaumu sana, ila mtoto akijenga wake na pampu isinguruke, msimwambie ameshindwa. Mwonyesheni hesabu hii.

Dosari nyingine: mama, Agnes, ndiye anayebadili mawazo ya baba, na Aïssa Maïga anamwigiza vizuri sana, lakini amepewa nafasi ndogo. Maria wa Roma naye hutoweka mara baada ya baiskeli kuibwa. Filamu zote mbili zinajua bei ya baiskeli kuliko zinavyojua bei ya mama.

Zile mbili nyingine, haraka. The Pursuit of Happyness ya mwaka 2006, ya Will Smith na mwanawe. Kitu chake ni ile mashine ya kupima mifupa anayozunguka nayo San Francisco, na kwa muda mrefu inafanya kazi vizuri: nzito, ghali, hainunuliki, inaibwa. Lakini filamu imekaza kamba kupita ukweli. Humo mafunzo ya udalali wa hisa hayalipi chochote, ilhali Chris Gardner mwenyewe, mtu wa kweli ambaye hadithi ni yake, alipata posho kidogo. Na mwanawe alikuwa mdogo zaidi ya yule wa kwenye skrini. Mwishoni maandishi yanakutajia mamilioni aliyokuja kupata, kana kwamba bila mamilioni yale usiku ambao baba na mwana walilala chooni stesheni usingekuwa na thamani. Hapo mimi huzima.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, ni yetu, na ina dakika 74 tu. Msichana wa miaka tisa ni mgonjwa asiyepona, na kijiji kizima kinamsaidia aamini ana nguvu za ajabu. Hakuna kitu cha kuuza. Kinachotolewa ni ukweli, na dada na mama wanagombana juu ya nani ana haki ya kuutoa. Kiswahili kimejaa. Stycie Waweru hana dakika mbovu.

Jinsi ya kuzitazama. Ya Roma ni karibu mraba, siyo pana kama skrini zetu. Runinga nyingi huivuta ijaze kioo, na hapo watu wananenepa, au huikuza na kukata kofia na miguu. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua 4:3, uache mistari myeusi pembeni. Maandishi meupe ya chini hupotea kwenye ukuta mweupe; yageuze manjano. Kama yanachelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye kompyuta fungua VLC ubonyeze G au H mpaka yalingane. Kama yanaanza sawa kisha yanazidi kuachana na sauti, tatizo ni kasi ya picha: 24 kwa sekunde dhidi ya 25. Kwa dakika 89 tofauti inafika zaidi ya dakika tatu, na G na H hazitakusaidia. Tafuta faili nyingine ya maandishi. Na tafadhali msitazame yenye dijei wa muvi anayepiga domo juu yake. Nawapenda madijei wetu kwenye mapigano ya Wachina, lakini huku nusu ya utamu ni kimya cha Bruno.

Ya Malawi ina dakika 113 na iko Netflix. Kwa HD inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa, kwa hiyo karibu 6 kwa filamu nzima. Ipakue kwa Wi-Fi, au punguza ubora. Chichewa kimechanganywa na Kiingereza, kwa hiyo washa maandishi tangu mwanzo. Mvua za jioni za Kisumu zikianguka juu ya mabati hutasikia lolote. Vaa visikilizio au isogeze mapema. Mnaotaka kuonyesha ukumbini au kanisani, jueni kwamba maonyesho ya umma yanahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, mbali na ruhusa ya mwenye filamu.

Kwa watoto: mbwa anakufa kwa njaa kwenye ya Malawi, na watalia kwa mbwa kuliko kwa watu. Waambieni mapema. Ya Roma ina kofi na mbio fupi ndani ya danguro lisilo na uchafu wa kuonekana; kizuizi kikubwa ni kusoma, kwa hiyo mtoto wa darasa la tano na kuendelea ataimudu.

Ukiwa na usiku mmoja tu, chukua ya Roma. Ukiwa na kijana wa sekondari anayefungua redio za watu, chukua ya Malawi, na umwekee dainamo kuukuu kando. Namba za dainamo, meno na volti nimeziandika chini ya video. Mafundi, nisahihisheni huko kama chenwili zenu zina meno mengine.