Reale za Kale Kisutu: Fedha ni Halisi, Lebo Ina Walakini

Wakusanyaji wa sarafu za kale hapa Dar es Salaam hawana maduka mengi ya kuchagua, kwa hiyo duka hili dogo la vitu vya kale, jirani na masonara wa Kisutu, linastahili kuchunguzwa kabla ya mtu kutoa pesa zake. Kabati limejaa rupia za Wajerumani na senti za enzi za Mwingereza, ambazo si adimu. Kinachovutia ni trei ya sarafu kubwa za fedha kutoka Ulaya.

Nyingi ni reale za Maria Theresa, mtawala wa Austria, ambazo katika karne ya 19 zilitembea sana Zanzibar na mwambao wote katika biashara ya pembe za ndovu. Lebo inadai ni "za mwaka 1780". Huo ndio mwaka uliochorwa juu yake, na ndio aliofariki mtawala huyo. Lakini kwa kuwa wafanyabiashara wa Arabuni na Uhabeshi walishaizoea sura hiyo na hawakuiamini nyingine, sarafu hizo ziliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ileile huko Vienna, na katika miaka ya 1930 hata Roma na London. Nilipouliza hizi zilitoka wapi, muuzaji, mzee mstaarabu, alinijibu: "Ni za zamani tu, mwanangu. Fedha yake ndiyo hiyo, pima mwenyewe."

Nilipima, na mizani yake ilionyesha gramu 28, kama inavyotakiwa, na maandishi ya ukingoni yalisomeka vizuri. Fedha ni halisi, basi. Ila bei imewekwa kana kwamba zote zilipigwa karne ya 18. Isitoshe, zimesuguliwa kwa dawa mpaka zinang'aa kama sufuria mpya, jambo ambalo mkusanyaji makini hulichukia kuliko kutu.

Chini ya trei hiyo palikuwa na reale 8 ya Hispania, iliyopigwa Mexico mwaka 1768, yenye zile nguzo mbili zinazofanana na mizinga ya vita, zilizowafanya watu wa pwani waiite reale ya mzinga. Aina hii ilitolewa huko kati ya 1732 na 1772 tu, kwa hiyo tarehe yake haina ujanja. Ilikuwa imetobolewa, pengine ili ivaliwe shingoni, na kwa sababu hiyo aliiuza kwa bei nafuu kuliko zile zinazong'aa. Niliichukua bila kubishana sana. Stakabadhi iliandikwa "sarafu moja ya fedha" pekee. Atakayenunua hapo adai iandikwe tarehe, uzito na tundu kama lipo.