Jimu nzuri Mikocheni, ila subiri siku utakayotaka kuondoka

Jimu hii ya Mikocheni, Dar es Salaam, nimeitumia kwa zaidi ya mwaka, mara nyingi alfajiri kabla ya kwenda kazini Posta. Jina silitaji kwa sababu kuna hela ya mwezi mmoja ambayo bado tunadaiana, na mazungumzo yanaendelea.

Nianze na mazuri, maana yapo na sitaki kuwadhulumu. Mashine za kukimbilia zinafanya kazi zote, na ikiharibika moja haikai wiki bila fundi kuja. Umeme ukikatika jenereta inawaka hujamaliza hata kufuta jasho. Maji ya kuoga sijawahi kuyakosa, hata kipindi mtaa mzima unalia mgao. Na mwalimu wa zamu ya asubuhi ndiye aliyenifanya nisaini mwaka wa pili. Nilienda pale kwa sababu ya presha, daktari aliniambia nitembeze mwili. Huyu kijana kabla hajaniruhusu kugusa chuma aliuliza ninatumia dawa gani, akataka nimletee vipimo vyangu vya nyumbani. Alinikataza kabisa kubana pumzi ninaponyanyua, akanieleza kwamba kubana pumzi kunapandisha presha ghafla, kwa hiyo chuma kikipanda pumzi itoke. Mpaka leo nikinyanyua ndoo ya maji naikumbuka sauti yake. Mungu ambariki.

Bei yao ilikuwa 120,000 kwa mwezi ukisaini mkataba wa mwaka, na 150,000 usiposaini, pamoja na ada ya kujiunga 50,000. Kwa Mikocheni, na kwa vifaa vile, naona ni haki. Malipo yanakatwa benki kila tarehe 25.

Shida ilianza tulipomaliza nyumba Kibada, Kigamboni, tukahamia. Mtu anayeishi Kigamboni na kufanya kazi Posta, jioni anakimbilia pantoni. Mikocheni inakuwa upande wa pili wa mji, na foleni ya Ali Hassan Mwinyi saa kumi na mbili mnaijua. Mkataba wenyewe unaruhusu kuondoka. Kifungu cha 9 kinasema mwanachama akihamia zaidi ya kilomita 15 kutoka tawini, au akiugua, atoe notisi ya siku 30 kwa maandishi, basi. Mimi kazi yangu ni nyaraka za mizigo ya bandarini, kusoma vifungu ndiyo riziki yangu, na kile nilikisoma kabla ya kusaini mara zote mbili.

Nikaandika barua ya notisi, nakala mbili kama ilivyo desturi: moja wabaki nayo, moja wanigongee mhuri wa kupokelewa nirudi nayo. Mapokezi nilimkuta yule binti aliyenisajili. Akaisoma, akainuka kwenda ofisi ya ndani, akarudi nayo mkononi.

"Mama, barua tunaipokea, lakini mhuri anao bosi."

"Mwanangu, andika basi jina lako na tarehe, usaini hapa chini kwamba umeipokea."

"Mama, mimi siruhusiwi kusaini chochote cha kuondoka."

Hapo ndipo niliposhtuka. Siku ya kujiunga ni binti huyuhuyu aliyejaza fomu, akasaini kwa niaba ya kampuni, akagonga mhuri uliokuwa kwenye droo yake, akapokea hela na kunipa risiti ya EFD, na bosi hakuhitajika. Mimi simlaumu yeye, ameajiriwa na anatii. Ninaowalaumu ni waliopanga kwamba mtu mmoja aweze kumwingiza mteja, halafu asiwepo hata mmoja mwenye mamlaka ya kumtoa. Huo ni mpango, kuna mtu alikaa akaufikiria.

Bosi nilipompata kwa simu hakukataa. Alisema nilete barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha makazi mapya. Kifungu cha 9 hakidai barua hiyo, lakini nilikwenda kwa mtendaji wetu nikaipata. Nilipoipeleka ikaonekana haitoshi, iandikwe na tarehe niliyohamia. Ikaandikwa. Halafu nikaambiwa meneja yuko semina. Alipotoka semina akanishauri nisimamishe uanachama kwa miezi mitatu badala ya kuuvunja, au nihamishiwe tawi lao la Mbezi Beach. Anayekaa Kibada anaambiwa aende Mbezi Beach, ambako ni mbali kuliko hiyo Mikocheni anayoikimbia! Barua ya mtendaji inayotaja Kibada ilikuwa mezani mbele yake tunapozungumza.

Siku 30 zikapita. Tarehe 25 wakakata tena 120,000.

Hapa nataka wenzangu mnisikilize vizuri. Agizo la kukata hela kila mwezi umelitoa wewe kwa benki yako, na wewe ndiye mwenye uwezo wa kulifuta. Nilikwenda na kitambulisho cha NIDA, nikajaza fomu ya kusitisha, na dada wa benki akanipa nakala yenye mhuri palepale bila kunitaka barua ya mtu yeyote. Ila hakikisheni notisi imeshafika na muda wake umekwisha, kwa sababu kusitisha benki hakuvunji mkataba. Ukifuta malipo kabla ya notisi kuisha, deni linakuwa deni kweli na wao watakuwa na haki ya kulidai.

Mwezi uliofuata hawakupata kitu, na ndipo walipofanya jambo lililoniuma kuliko hela. Walimtumia ujumbe mdogo wangu, kwamba dada yake anadaiwa na jimu, amwambie alipe kabla suala halijapelekwa kwa wakusanya madeni. Namba ile niliiandika kwenye fomu sehemu ya ndugu wa kupigiwa simu mwanachama akianguka au akizidiwa mazoezini. Mtu mwenye presha anaiandika namba hiyo kwa uzito wake. Mdogo wangu alipoona jina la jimu kwenye ujumbe alidhani nimeanguka, akanipigia anatetemeka. Tabia hii tumeilaani kwa wakopeshaji wa mtandaoni wanaosambaza madeni ya watu kwa kila namba iliyo kwenye simu. Sikutegemea kuikuta kwenye sehemu ya afya.

Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina tume yake. Taarifa uliyoitoa kwa kazi moja itumike kwa kazi hiyo. Na ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo watu wengi wanadhani ni ya makampuni makubwa tu, kumbe inamlinda mlaji pia: inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja au kumbana isivyo haki, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya mtu mmojammoja kama mimi.

Kwa hiyo niliandika barua ya pili, ukurasa mmoja tu. Nilinukuu kifungu cha 9 neno kwa neno, nikataja tarehe ya notisi ya kwanza, nikaambatisha picha ya ujumbe aliotumiwa mdogo wangu, nikadai mambo matatu: wathibitishe kwa maandishi kwamba mkataba umekwisha, warudishe hela ya mwezi waliokata zaidi, na namba ya mdogo wangu ifutwe. Chini kabisa nikaandika: Nakala, Tume ya Ushindani, Nakala, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Niliituma kwa barua pepe, ambako tarehe inajiandika yenyewe na hakuna wa kuniambia mhuri uko kwa bosi.

Majibu yalikuja kesho yake. Yuleyule bosi alinipigia mwenyewe, sauti ya upole, akaniita dada yangu. Uthibitisho wa kuvunja mkataba nikaupata kwa maandishi siku hiyohiyo, na mdogo wangu akaombwa radhi. Ile barua ya mtendaji, tarehe ya kuhamia, semina, hakuna aliyevitaja tena. Mimi nilifurahi, lakini nilijiuliza: yule kinyozi au mama lishe aliyejiunga apunguze kilo, ambaye mkataba kapewa kwa Kiingereza kitupu wakati maneno yote ya kumvuta aliambiwa kwa Kiswahili, atakijulia wapi kifungu cha 9? Huyo atakatwa mpaka mwaka uishe, akidhani ndivyo sheria inavyosema. Kama kuna kitu kimoja ningewataka wakibadilishe kesho asubuhi, ni hicho: mkataba wa Kiswahili, na kifungu cha kuondoka kisomwe kwa sauti mbele ya mteja kabla hajashika kalamu.

Kwa anayetaka kujiunga, jiungeni, mazoezi yao ni mazuri na yule mwalimu wa asubuhi ni hazina. Lakini chukueni bei ya bila mkataba, japo ni 30,000 zaidi. Mji huu mtu anahama, anapandishwa cheo na kupelekwa Dodoma, anapata ujauzito, anafiwa na kwenda kukaa kijijini miezi. Kama lazima usaini, basi waulize kabla ya kulipa nani anapokea notisi, kwa jina na cheo chake, na jibu waliandike kwenye mkataba. Sehemu ya ndugu wa dharura ongeza kwa mkono: kwa dharura ya afya tu.

Vifaa na walimu nawapa nyota tano. Usafi, nne. Utaratibu wa kuondoka, moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya kuomba radhi kwa mdogo wangu.

Hela ya ule mwezi, 120,000, wameahidi kuirudisha kwa M-Pesa kabla ya tarehe 25. Ikiingia nitarudi kuandika kwamba imeingia, na ikiwa pungufu nitasema imepungua kiasi gani.