Tiketi ya pazia moja Kabukiza, Tokyo: uzoefu wangu

Kikao cha mchana cha kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, pale ukumbi wa Kabukiza, mtaa wa Ginza, huanza saa tano asubuhi, na ukihesabu mapumziko hukaa karibu saa nne. Siti nzuri za chini hukaribia yeni 18,000 au zaidi. Mimi hutumia hitomakumi, tiketi ya pazia moja: unalipia onyesho moja kati ya yale ya kikao, unakaa ghorofa ya nne juu kabisa, likiisha unatoka. Bei hufuata urefu wa onyesho, na mara nyingi haivuki yeni 2,000. Kwa anayeanza, sijui njia bora kuliko hii, mradi uchague onyesho kwa akili.

Siti zenye namba, kama 70, huuzwa mtandaoni kuanzia saa sita mchana ya siku inayotangulia. Nyingine kama 20 hazina namba. Hizo huuzwa siku yenyewe dirishani, kushoto mwa lango kuu, kwa pesa taslimu tu. Ukija na treni ya chini ya ardhi, shuka Higashi-Ginza utokee njia namba 3. Lifti itakupeleka moja kwa moja juu, na tiketi hii haikuruhusu kushuka ghorofa nyingine za ukumbi. Zawadi na vitafunio vinunue mapema kwenye maduka ya chini ya ardhi, ambako huhitaji tiketi.

Tatizo kubwa la ghorofa ya nne ni hanamichi, ile njia inayotoka jukwaani upande wa kushoto na kupita katikati ya watazamaji hadi nyuma ya ukumbi. Kule juu unaona kipande cha karibu na jukwaa tu. Kwa bahati nzuri kipande hicho kina shichisan, mahali mwigizaji anaposimama kuonyesha ubingwa wake. Lakini mchezo kama Kanjincho humalizika kwa mhusika mkuu, Benkei, kuruka kwa mguu mmoja mmoja akiifuata njia yote hadi nje. Wa chini wanapiga makofi, wewe umeshampoteza. Mchezo huo ulipie siti ya chini.

Onyesho la dansi ndilo ningemshauri mgeni aanze nalo. Maneno ya tamthilia za kale ni magumu hata kwa Wajapani wengi, ila dansi inaeleweka kwa macho. Tafuta lenye hikinuki: kimono ya juu imeshikizwa kwa nyuzi, msaidizi anazichomoa taratibu mgongoni mwa mwigizaji huku dansi inaendelea, kisha anavuta mara moja na rangi yote inabadilika. Kutoka juu unamwona msaidizi akifanya kazi, jambo ambalo wa mbele hufichwa na mwili wa mwigizaji. Hapo nafurahi kuwa juu!

Beba darubini ndogo ya mara 6 hadi 8. Ya mara 10 na kuendelea hutetemeka mkononi na picha haitulii. Bila darubini utakosa mie, pale mwigizaji anapoganda na kukaza macho huku vipande vya mbao, tsuke, vikipigwa kulia kwa jukwaa. Utakosa pia mistari ya usoni: nyekundu kwa shujaa, buluu kwa mwovu. Sauti haina shida kabisa. Jengo la sasa, lililofunguliwa 2013, linafikisha juu hata mnong'ono wa shamisen, ala ya nyuzi tatu.

Utasikia watu wakiita kwa nguvu jina la ukoo wa kisanii wa mwigizaji, kama Naritaya au Otowaya. Hao wanajua sekunde ya kuita, usiwaige. Na usiinamie mbele kuona vizuri: viti vimepangwa kwa mteremko mkali, kichwa chako kinaziba jukwaa lote kwa aliye nyuma, na mhudumu atakuja kukurudisha kwenye egemeo.

Muhtasari wa hadithi kwa Kiingereza hutolewa kwenye tovuti ya ukumbi. Usome kabla taa hazijazimwa, maana simu haitakiwi kuwashwa ndani.