Msaada wa Kisheria Mbeya Mjini: Walivyotusaidia Kupinga Kanuni ya Kuhitimu

Mdogo wangu ni kiziwi. Alifanya mitihani yote ya shahada yake katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, lakini jina lake halikuwamo katika orodha ya wahitimu, kwa sababu kanuni zinamtaka kila mwanafunzi afaulu wasilisho la mdomo la somo la Stadi za Mawasiliano, naye aliwekewa sifuri kwa kuwa siku ile hapakuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Barua mbili tulizoandika wenyewe zilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba kanuni ni moja kwa wote. Ndipo tukapanda Coaster kutoka Tukuyu hadi kwenye ofisi ya wasaidizi wa kisheria mjini Mbeya, ambayo ndiyo ninayoitathmini hapa.

Dada aliyetupokea hakuanza na habari za mahakama. Aliomba kwanza kitabu cha kanuni za mitihani, akakisoma ukurasa kwa ukurasa mbele yetu, hadi akakipata kifungu kinachoipa Seneti, yaani baraza la chuo linalosimamia taaluma, mamlaka ya kuidhinisha namna nyingine ya upimaji kwa sababu maalumu. Kitabu hicho kilikuwa nyumbani kwetu miaka mitatu na hatukuwahi kukiona kifungu hicho. Rufaa ilijengwa juu yake, kisha ikatiwa nguvu kwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 2 ya mkataba huo inahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yaani kubadilishiwa utaratibu ili ashiriki sawa na wengine, kuwa ni ubaguzi, na Ibara ya 24 inayadai marekebisho hayo hata katika elimu ya juu. Ombi lenyewe lilikuwa fupi: wasilisho lilelile, maswali yaleyale, kwa lugha ya alama. Naamini ufupi huo ndio uliotushindia.

Hatukutozwa ada yoyote. Tulielezwa pia siku ya kwanza kwamba msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili, na uwazi huo niliuheshimu.

Kasoro zipo, nazo ni nzito. Ofisi iko ghorofa ya pili na njia pekee ni ngazi, hivyo mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuifikia. Mkalimani hawana, nilitafsiri mimi, na mara kadhaa maswali yalielekezwa kwangu ilhali shauri ni la mdogo wangu, jambo lililomuumiza waziwazi. Ofisi inayodai mkalimani chuoni inapaswa kuwa naye mezani kwake.

Seneti ilikubali. Mdogo wangu aliwasilisha, akafaulu, ila mahafali ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha kupita, akavaa joho mwaka uliofuata. Kanuni yenyewe haijabadilishwa, na barua ambayo ofisi imeandika kuomba irekebishwe kwa wanafunzi wote bado haijajibiwa.

Anayekwenda huko abebe kitabu cha kanuni, matokeo ya kila muhula na nakala ya kila barua aliyoandikiana na chuo, na asichelewe, kwa sababu rufaa ina siku ya mwisho. Sisi tulifika zikiwa zimebaki siku nne.