Black Books: Muuza Vitabu Asiyetaka Kuuza

Mteja anaingia dukani, anaona seti ya vitabu vya Charles Dickens, anauliza kama majalada yake ni ya ngozi halisi. Anataka yaendane na sofa lake. Anatoa pauni 200 papo hapo. Mwenye duka anamuuliza kama pauni hizo nazo ni za ngozi, maana yeye anahitaji za ngozi ziendane na pochi yake. Si za ngozi. Basi, biashara imekufa, aje mteja mwingine.

Ukicheka hapo, komedi hii ni yako. Channel 4 ya Uingereza ilianza kuirusha Septemba 2000 na kuifunga Aprili 2004: sizoni tatu, kila moja na episodi sita, jumla 18 za dakika kama 25 kila moja. Zote ni saa saba na nusu. Ukianza kuitazama kwenye SGR ya haraka inapoondoka Dodoma, utashuka Dar ukiwa ndiyo kwanza umeingia sizoni ya pili.

Watu ni watatu tu. Bernard Black, Mwairishi mwenye duka la vitabu vikuukuu jijini London, anakunywa mvinyo na kuvuta sigara tangu asubuhi. Anachezwa na Dylan Moran, ambaye pia ndiye aliyeibuni komedi hii akiwa na Graham Linehan. Manny, msaidizi wake mpole mwenye nywele ndefu na ndevu, ni Bill Bailey. Fran, rafiki yao mwenye duka la vikorokoro jirani, ni Tamsin Greig. Kicheko unachokisikia ni cha watu waliokaa studioni Teddington wakitazama. Sura ya nje ya duka ni jengo la kweli, mtaa wa Leigh, eneo la Bloomsbury.

Sasa, kwa nini mtu wa Dodoma ajisumbue nayo? Kwa sababu sisi tunajua duka ni nini. Pita Soko la Majengo, hujafika mezani umeshaitwa: karibu mteja, karibu boss, nyanya hizi hapa, bei tunaongea. Ukiondoka bila kununua bado unaambiwa karibu tena. Bernard amegeuza kila kitu hapo. Kwake mteja ni mvamizi anayekuja kuchukua kitabu ambacho yeye hajamaliza kukisoma. Na uzuri wa uandishi uko hapa: mantiki yake imenyooka. Anapenda vitabu, wateja wanaviondoa, kwa hiyo wateja ni tatizo. Ukishaikubali hatua hiyo ya kwanza, mengine yote yanafuata yenyewe, na ndiyo maana unacheka badala ya kumchukia.

Tofauti yake na Mr. Bean, tuliyemzoea wote, ni kwamba Bean hahitaji lugha. Ukimtazama bila sauti bado anachekesha. Black Books inakaa kwenye maneno. Pia haina funzo. Vichekesho vyetu vingi hukunja mwisho kwa mtu mbaya kuumbuka au kutubu. Ukimsubiri Bernard atubu, utasubiri hadi episodi ya 18.

Episodi ya kwanza, "Cooking the Books", inastahili kutazamwa kwa utulivu, hasa na yeyote aliyewahi kukaa na fomu za TRA usiku wa siku ya mwisho. Mhasibu wa Bernard amekimbia, hesabu za kodi ni zake mwenyewe. Anafika kwenye jina la mama yake na kugundua kwamba anamjua kwa jina moja tu: Mama. Risiti zote alizotakiwa kuzipanga amezishona zikawa koti. Mashahidi wa Yehova wanabisha hodi, naye anawakaribisha ndani kwa furaha, wakae, wahubiri. Wao ndio wanaobabaika, hawajazoea kukaribishwa. Angalia jinsi mzaha huo ulivyojengwa: hakuna anayemdhihaki mhubiri wala dini yake. Kinachochekesha ni mtu aliye tayari kufanya lolote duniani mradi asiijaze fomu. Kila hatua ni kubwa kidogo kuliko iliyotangulia, hadi anapowatukana kwa makusudi vijana wakorofi wampige, kwa kuwa majeruhi anapewa muda zaidi wa kuwasilisha hesabu. Humohumo Manny anameza kijitabu cha maneno ya kutuliza moyo, na daktari anayemhudumia ni Martin Freeman, yule wa filamu za The Hobbit, kabla hajawa na jina.

Mzaha mmoja unaweza kukupita kabisa ukiwa hapa. Katika "Fever", sizoni ya pili, Manny ana ugonjwa unaompanda joto likivuka 88. Hizo ni Fahrenheit, sawa na nyuzi 31 za Selsiasi, yaani mchana wa kawaida wa Novemba hapa Dodoma. London joto hilo ni habari ya kitaifa, kwa kuwa nyumba zimejengwa kushika joto na nyingi hazina feni wala kiyoyozi. Ukijua hilo, hofu yao inaeleweka na kicheko kinarudi.

Ile ya mvinyo, "The Grapes of Wrath" katika sizoni ya kwanza, haihitaji maelezo kwa mji wa zabibu. Bernard na Manny wanalinda nyumba ya tajiri, wameruhusiwa chupa za bei rahisi, wanakunywa ile ghali mno iliyoandaliwa kuwa zawadi ya Papa. Kisha wanajaribu kuitengeneza upya usiku uleule kwa kuchanganyachanganya. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi ataona kosa kabla ya mtu mwingine yeyote: mchuzi wa zabibu una muda wake, na miaka ya kukaa pipani haichanganywi kwenye bakuli.

Kinachowakwaza wengi ni kusikia. Moran anaongea haraka, kwa lafudhi ya kwao, mara nyingi sigara ikiwa mdomoni. Hata anayeifuata taarifa ya habari ya BBC bila shida atapoteza maneno mengi. Washa maandishi ya chini ya Kiingereza. Kama umeyapata kwenye faili la pembeni, kuna kasoro mbili zinazofanana lakini tiba zake ni tofauti. Maandishi yakiwahi au kuchelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC, programu ya kuchezesha video, ya kompyuta bonyeza G kuyawahisha au H kuyachelewesha. Kila mbonyezo ni milisekunde 50. Lakini yakianza sawasawa kisha mwishoni yakapishana na sauti kwa karibu dakika nzima, G na H hazitafaa. Video za Uingereza huenda fremu (picha) 25 kwa sekunde, na faili lako limetengenezwa kwa fremu 23.976. Tofauti ni asilimia 4 tu, ila katika dakika 25 inazaa sekunde 60. Rekebisha kasi ya maandishi kwenye sehemu ya ulinganishaji, au tafuta faili jingine la fremu 25.

Anayeagiza DVD halisi ajue kuwa za Uingereza ni za kanda ya 2, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa, na Tanzania ipo kanda ya 5. Deki nyingi za madukani husoma kanda zote, lakini kiendeshi cha kompyuta hukuruhusu kubadili kanda mara tano tu, kisha kinajifunga. Usizimalize mara hizo kwa majaribio.

Udhaifu upo. Fran anapotezwa baada ya sizoni ya kwanza. Duka lake linatoweka, na waandishi hawakumpa kazi nyingine yenye uzito. Sizoni ya tatu imelegea, isipokuwa "Elephants and Hens", ambamo Bernard na Manny wanaandika kitabu cha watoto. Rasimu ya kwanza ya Bernard ni mzigo wa kurasa unaomhusu msomi aliyenusurika wakati wa Stalin, na Manny anauliza kwa upole kama haingewezekana awe tembo aliyepoteza puto. Yeyote aliyewahi kuandikia watoto na kujikuta anaandikia maprofesa ataisimamisha video apumue.

Si ya kutazama na watoto sebuleni: pombe, sigara na matusi havikatiki. Mwenye jioni moja tu aanze na "Cooking the Books", aende "The Grapes of Wrath", amalizie "Elephants and Hens".